Kigango Kilichorudi Kikae Wapi?

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver, Marekani, yalikubali kuachilia vigango 30 vya Wamijikenda, mbao zilizochongwa kuwasimamia wafu. Vilifika Kenya mwaka 2019. Sasa viko nchini, na swali langu ni la kikazi: vikae wapi? Kwangu mimi, vikae ghalani kwetu, mahali pakavu, pasipo mchwa wala mwizi, kila kimoja na namba yake na faili lake. Vingine tuvitoe kwenye ukumbi wa maonyesho watu wavione. Mtoto wa Kaloleni asilazimike kupanda ndege ili akione kigango cha mababu zake.

MZEE WA GOHU: Binti yangu, wewe unahesabu mbao. Mimi nasikia watu thelathini wamerudishwa nyumbani, na kufika tu mnawatafutia kabati. Mtu wa Gohu, chama chetu, akifa huzikwa kama wenzake. Baadaye, pengine miaka imepita, humjia mwanawe ndotoni. Hulalamika baridi, hulalamika kwamba amesahauliwa. Au mvua inakatika, au mtoto anaugua na dawa hazimshiki. Mganga akiangalia anasema, baba yenu anataka kusimamishwa. Hapo ndipo mchongaji huitwa. Anasimamishwa mudzini, yaani mjini kwake, anamwagiwa tembo la mnazi, anapewa ugoro, anaelezwa nani kaoa na nani kazaliwa. Akishasimama hahamishwi. Hata mji mzima ukihama kufuata shamba jipya, yeye hubaki pale pale. Sasa niambie, hiyo namba ya ghalani itamfaa nani?

MWALIMU WA HISTORIA: Itawafaa wanafunzi wangu, mzee. Naomba usinielewe vibaya. Haya uliyoyasema hivi punde, darasa langu la kidato cha tatu haliyajui, na zaidi ya nusu yao ni Wagiriama, Wamijikenda kabisa. Wanamjua Tutankhamun na kaburi lake. Ukiwauliza Gohu ni nini, wanatazamana. Historia ya kabla ya wageni kuja na kalamu tutaisomea wapi kama si kwenye vitu vilivyochongwa, vilivyofinyangwa na kufuliwa na watu wenyewe? Ukivinyima macho ya watoto, umewaachia vitabu vilivyoandikwa na wengine.

MZEE WA GOHU: Sijawanyima. Njia ya kuja kwetu iko wazi. Mbona hamji?

MWALIMU WA HISTORIA: Tukija tutakuta nini? Miji mingapi leo ina kigango kilichosimama? Vingi vimeng'olewa.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Hapo ndipo penyewe, na sipendi kulisema mbele ya mzee, lakini nitalisema. Vigango havikuondoka kwa miguu yake. Miaka ya 1970 na 1980 utalii ulipokuwa ukipanda Pwani, vijana walikuwa wakiving'oa usiku na kuwauzia wachuuzi wa Mombasa kwa pesa kidogo. Huko ng'ambo vikauzwa kwa maelfu ya dola kama sanaa ya Kiafrika. Aliyejua njia ya kuingia mudzini usiku, mbwa wasibweke, hakuwa Mmarekani.

MZEE WA GOHU: Kweli. Alikuwa mtoto wetu mwenye njaa. Lakini njaa yake isingempa kitu kama upande wa pili pasingekuwa na mtu aliyesimama na noti mkononi. Na yule mwenye noti alipomaliza kukipamba sebuleni alikipeleka wapi? Kwenye makumbusho. Akapewa barua ya shukrani. Mimi sioni makumbusho kama mahali mwizi anapokomea. Naona ndipo alipokuwa akielekea tangu mwanzo.

MWANDISHI: Niingie hapa kidogo, maana mzee amegusa jambo ambalo si la kupita juu juu. Mamia ya vigango yaliishia kwenye makumbusho na vyuo vya Marekani, na mengi yaliingia kwa mlango huo huo: mkusanyaji hununua kwa mfanyabiashara wa sanaa, hukaa nacho, kisha hukitoa zawadi. Katika safari hiyo yote hakuna aliyeandika kilitoka mudzi upi, kilimsimamia nani, nani alimlilia. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko hata wizi wenyewe, kwa sababu kitu kilichoibwa hurudi, lakini jina ambalo halikuandikwa halina pa kurudi.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Nakubali, na ndiyo sababu nazitetea kumbukumbu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Haukupita muda, vigango vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy akaona mwenzake anaonyesha slaidi za mkusanyiko wa chuo kimoja cha Illinois, na kimojawapo kilikuwa kile kile. Cha pili kikapatikana kwenye chuo cha Hampton, Virginia. Kile cha Illinois kilirudishwa kwa familia yake mwaka 2007. Mzee, nani alikirudisha? Ni picha. Ni karatasi. Bila kazi hii ya kuorodhesha unayoidharau, kingekuwa ukutani mpaka leo.

MZEE WA GOHU: Siidharau. Yule mama alifanya kazi ya mtoto wa mji, na koma, roho za wafu wetu, wanamjua. Lakini tazama kilichofuata baada ya picha: kigango kilitoka Marekani kikaenda kwa wenyewe. Hakikutoka kabati moja kwenda kabati jingine. Vipi hicho kirudi mudzini, halafu hivi thelathini virudi Nairobi?

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Kwa sababu kile tulijua ni cha nani. Hivi hatujui. Nikikupa wewe kimoja leo, utamsimamishia nani?

MZEE WA GOHU: Umenipiga penye kidonda. Siwezi kumsimamisha baba wa mwenzangu mudzini kwangu. Atanidai nisichoweza kumlipa.

MWALIMU WA HISTORIA: Basi, mzee, hilo si linaonyesha kwamba makumbusho ndiyo mahali pekee palipobaki?

MZEE WA GOHU: Linaonyesha kwamba kuna jambo zito la kufanywa. Halionyeshi kwamba limekwisha kufanywa.

MCHONGAJI: Nimekaa kimya nikisikiliza watu watatu wanazungumzia kazi ya mikono yangu. Naomba nianze na mti. Tunachagua mwanga, mti mgumu, mpaka tezo inarudi nyuma. Unauchanja ubao mrefu. Mwingine unamfika mtu kifuani, mwingine unampita kichwa. Kichwa unakiacha duara, bapa, shingo unaiingiza ndani taratibu. Kifua ndicho chenye kazi: pembetatu ndogo ndogo zinachimbwa kwa patasi, safu juu ya safu, ncha ikitazama ncha. Ukiteleza kwenye moja, safu yote inapinda na huwezi kuifuta. Mashimo yale yanajazwa rangi, nyeupe ya chokaa, nyeusi ya masizi, nyekundu ya udongo. Mwisho, akishasimamishwa, anafungwa vitambaa. Hiyo ndiyo kazi. Na wateja wanaonijia ni wa namna mbili. Mmoja anakuja na ndoto ya baba yake. Mwingine anakuja na gari, anataka kigango kilichozeeka. Ananiambia nikichonge, nikifukie kwenye samadi misimu miwili ya mvua, nikitoe kikiwa na nyufa.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Na hivyo vya samadi viko huko nje vikiitwa vya kale.

MCHONGAJI: Vingine naamini viko kwenye kuta za watu wakubwa. Nawe ukivikuta utatafuta nini ili ujue? Utapima ubao, utatazama rangi kwa kioo. Sisi tunauliza swali moja: alisimamishiwa nani?

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Hebu nikuulize nawe swali la ubao basi. Mzee anasema kigango huachwa palepale, maana yake kianguke, kioze, na kukihifadhi ni kuingilia mambo ya koma. Kama wahenga walitaka kioze, kwa nini walichagua mwanga? Pwani yote inajua mwanga hauliwi na mchwa upesi. Ndio unaojengewa nyumba. Wangeweza kuchonga mwembe au mfenesi, wakamaliza kazi kwa nusu ya muda. Mtu anayechagua mti mgumu kuliko yote anataka kitu kidumu. Mimi nikikiweka pakavu ninaendeleza nia yake.

MZEE WA GOHU: Swali zuri, na sijawahi kuulizwa. Sikiliza. Aliyefariki ana wana waliomjua uso. Ana pia wajukuu waliokaa magotini pake. Wana hao na wajukuu hao watakuja kummwagia mnazi maisha yao yote. Kigango lazima kiwangoje hao wote. Mti mwepesi ungeanguka mjukuu bado yuko hai, ikawa aibu. Akishafariki yule wa mwisho aliyemwita kwa jina, ubao nao uko tayari kulala. Mwanga unatosha kwa kipindi hicho. Ninyi mnataka kumfanya asimame baada ya hapo, asimame mbele ya watu wasiomjua, hana wa kumwambia habari. Nia hiyo ni yenu.

MWALIMU WA HISTORIA: Lakini mzee, kwa hesabu hiyo mtu akishasahauliwa na wajukuu, hakuna tena njia ya mtu mwingine kumjua. Historia nzima ni kuwajua watu tusiowahi kukaa magotini pao! Na kuna jambo linanisumbua zaidi. Gohu ni chama cha wanaume, tena wenye uwezo wa kuandaa karamu za kuingilia. Maskini hakuchongewa kigango. Mwanamke hakuchongewa. Nikimfundisha mtoto historia ya Wagiriama kwa vigango peke yake, nitakuwa nimemfundisha historia ya wanaume matajiri. Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu dhidi ya Waingereza mwaka 1913, wakamfunga na kumpeleka mbali mpaka Kisii. Nitamtafuta kwenye ubao upi?

MZEE WA GOHU: Humtafuti kwenye ubao. Unamtafuta kwenye midomo na kwenye miguu inayocheza. Wanawake wana nyimbo za kifudu za kulilia wafu, na ndani ya nyimbo hizo kuna majina ambayo hayako kwenye kigango chochote wala kwenye daftari la mkoloni. Walio nje ya Gohu nao wana vijiti vyao vidogo vya koma. Havina nakshi, ndiyo maana hakuna Mmarekani aliyeviiba. Hebu lifikirie hilo. Mlichokiita urithi ni kile tu kilichompendeza mnunuzi.

MWANDISHI: Hapo nilisimamisha kalamu. Mwalimu alikusudia kumbana mzee kwa habari ya matajiri wa Gohu, na ni hoja ya haki kabisa, lakini jibu limeturudia sisi tunaoandika na kuonyesha. Ukumbi wa makumbusho huchagua kwa jicho, na jicho hilo mara nyingi liliazimwa sokoni.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Silikatai hilo. Bado nina wajibu wa kisheria. Sheria ya makumbusho ya taifa na urithi ya mwaka 2006 inatupa kazi ya kulinda vitu hivi, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Nikikipeleka kigango kijijini kikaibwa tena mwezi wa tatu, nani ataulizwa? Na wale wenzetu wa Marekani watasema nini? Kuna watu huko wanangojea neno moja tu: mliona, Waafrika hawawezi kutunza. Watazame Wapokomo. Ngoma yao takatifu, ngadji, iko kwenye British Museum tangu mwaka 1908, ghalani, haionyeshwi hata kwa wageni wa London.

MZEE WA GOHU: Mwanangu, usinitishe kwa kinywa cha Mzungu. Mwaka 1914 serikali yake ililipua Kaya Fungo, mahali petu patakatifu, kwa baruti, halafu leo tujitetee kwake kuhusu kutunza? Na ikiwa mtajenga kizimba cha chuma kukizunguka kigango na kumimina zege miguuni pake, mtakuwa mmenipa makumbusho mengine, madogo, yasiyo na paa.

MWALIMU WA HISTORIA: Si wizi tu, mzee. Kwenye darasa langu nina wazazi wanaokataa watoto wao wasisomeshwe habari za koma. Wanasema ni sanamu, ni ushetani. Na Kilifi hii hii wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Mzee mwenye mvi anayeonekana akimwaga mnazi mbele ya ubao yuko salama?

MZEE WA GOHU: Hayuko. Nimewazika wenzangu. Na ndiyo sababu nataka mtoto asimwone babu yake nyuma ya kioo akiwa kitu cha zamani kilichokwisha. Kijana akifundishwa kwamba koma ni kitu cha kale, mimi niliye hai na koma zangu nitakuwa nani machoni pake? Mchawi. Kioo chenu kinanitenga na wajukuu wangu, na panga linanijia kutoka upande huo huo.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Hayo ni mazito, mzee, na sitayabishia. Lakini niruhusu nikuambie kwa nini watu wa Denver walituelewa. Hawakuanza na sisi. Walianza na majirani zao wenyewe, Wazuni wa New Mexico. Wazuni huchonga miungu ya vita ya mbao, huiweka mahali pa wazi mlimani, mvua na jua viimalize. Iliibwa, ikajaa kwenye makumbusho. Kuanzia mwaka 1978 Wazuni wakaidai mmoja mmoja, wakarudishiwa. Wakaijengea mahali penye ulinzi, lakini pasipo paa, na huko inaoza kama ilivyokusudiwa. Wahifadhi wengi walilia. Walifundishwa maisha yao yote kuzuia kuoza.

MCHONGAJI: Kwa hiyo inawezekana.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Kwa Wazuni iliwezekana kwa sababu miungu ile ni ya kabila zima. Kigango ni cha mtu mmoja, cha mudzi mmoja. Mahali pasipo paa kwa ajili ya koma thelathini wasiojuana, wa koo tofauti, pengine wa Giriama na Kauma na Chonyi pamoja? Mwalimu alitaka kupendekeza makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nimemwona akifungua kinywa.

MWALIMU WA HISTORIA: Ndiyo. Makaya yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, yana wazee, yana miiko, misitu yake ina ulinzi kiasi. Wanafunzi wangeweza kuja kwa utaratibu.

MZEE WA GOHU: Kaya ina mambo yake. Kigango ni cha mji wa mtu. Huwezi kuwakusanya wafu wa watu wasiojulikana ukawaweka kayani kwa sababu serikali imekosa nafasi ghalani.

MWALIMU WA HISTORIA: Basi mzee, kila mlango unaufunga. Makumbusho hapana, mudzi usiojulikana hapana, kaya hapana. Vikae hewani?

MZEE WA GOHU: Nafunga milango ambayo inakurahisishia kazi.

MCHONGAJI: Naomba nifungue mmoja. Mnasema hivi thelathini havina jina. Dada, umevitazama kifuani?

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Vimepimwa urefu, upana, hali ya mbao, rangi.

MCHONGAJI: Pembetatu zake? Mchongaji ana mkono wake, kama mtu alivyo na mwandiko. Mzee aliyenifundisha mimi alikuwa akianza safu kutoka shingoni kushuka. Wa upande wa Ganze niliowaona wanaanza kiunoni kupanda. Kuna aliyekuwa akikata macho kwa pigo moja, na kuna aliyekuwa akizunguka. Mwaka kigango kilipong'olewa, mchongaji wake huenda alikuwa hai, na wanafunzi wake leo wako hai. Nikivitazama pengine nitasema hiki ni cha fulani, na fulani alikuwa akichongea miji ya sehemu fulani. Miji hiyo tukaiulize: mwaka gani mliamka mkakuta shimo? Watu hawasahau shimo la baba yao.

MWALIMU WA HISTORIA: Hiyo ndiyo historia ninayoitaka! Kusoma ubao mpaka umfikie mtu.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Ni kazi ya miaka. Na huenda ukavitambua vitano tu.

MCHONGAJI: Vitano vina miji yake.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Na ishirini na tano vilivyobaki?

MZEE WA GOHU: Hivyo tutabishana wakati huo. Leo mnabishana vyote kwa pamoja ili msiguse hata kimoja.

MWALIMU WA HISTORIA: Kila kitakachotambuliwa, kabla hakijaondoka, kichorwe, kipigwe picha, na jina la mwenyewe liandikwe pamoja na aliyelitaja. Hilo sitaliachia.

MZEE WA GOHU: Andika. Lakini picha ikae kwa wenye mji kwanza, na wao ndio waseme kama darasa lako litaiona. Yule wa 1985 aliombwa ruhusa akakubali. Hawa nao wana wana wa kuwasemea.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Naweza kulipeleka hilo mbele. Mchongaji aje ghalani, nitamwombea kibali.

MZEE WA GOHU: Hatakuja peke yake. Huwezi kumgeuza-geuza mtu kifuani bila kumwambia umekuja kufanya nini. Nitakuja naye, na kata ya mnazi.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Mzee, ghalani kinywaji hakiingii. Hata maji hayaingii. Mambo ya unyevu.

MZEE WA GOHU: Basi vitoeni nje, uwanjani.

MHIFADHI WA MAKUMBUSHO: Vyote thelathini?

MZEE WA GOHU: Wote thelathini.